Michoro ya Ukutani Katika Mitaa ya Biashara: Makubaliano Yatangulie Rangi

Na Mwandishi Wetu

KUTA za mitaa ya biashara nchini hazijawahi kuwa tupu. Fundi wa maandishi huchora mkasi mbele ya kinyozi, gurudumu mbele ya gereji na sahani ya wali mbele ya mgahawa. Kampuni za simu na za vinywaji hupaka maduka mazima kwa rangi zao. Na pale ujenzi ulipoingia ndani ya hifadhi ya barabara, alama ya X nyekundu humjulisha mwenye jengo kwamba atatakiwa kupisha.

Kwa sababu hiyo, pendekezo la kutumia michoro ya ukutani na sanaa nyingine za hadharani ili kupendezesha mitaa hiyo halina budi kujibu swali lililo zito kuliko uchaguzi wa rangi. Ukuta hutazamwa na kila apitaye. Nani aamue kitakachochorwa juu yake, nani alipwe, na nani autunze rangi itakapoanza kubanduka?

Uzoefu wa miji ya nje ambayo imefanya kazi hii kwa miaka mingi unaonesha kwamba majibu ya maswali hayo ndiyo huamua kama mchoro utadumu.

Jiji la Philadelphia nchini Marekani lilianza mwaka 1984, wakati wa uongozi wa Meya Wilson Goode, kwa lengo la kukomesha uchafuzi wa kuta uliofanywa na vijana kwa rangi za kupuliza. Msanii Jane Golden alipewa jukumu la kufanya kazi na vijana hao, na badala ya kuishia kuwafutisha maandishi yao, aliwaelekeza katika uchoraji wa michoro mikubwa. Mwaka 1996 mpango huo uliundwa upya na kupewa jina la Mural Arts, na tangu kuanza kwake jiji hilo limepata michoro zaidi ya 4,000. Jambo la kujifunza hapo ni utaratibu wake: wakazi hukutana na msanii kabla ya kazi kuanza, hueleza historia ya eneo lao, na huoneshwa rasimu ili waijadili. Mkazi aliyechangia wazo huutazama ukuta huo kama mali yake.

Jiji la Tirana nchini Albania lilipita njia tofauti. Edi Rama, ambaye mwenyewe ni mchoraji, alichaguliwa kuwa Meya mwaka 2000 na akaagiza majengo ya ghorofa yaliyokuwa ya kijivu yapakwe rangi kali. Mabadiliko hayo yaliutangaza mji huo duniani. Hata hivyo, wapo waliosema kwamba rangi ilifunika sura ya jengo huku mkazi wa ndani akibaki na shida zake. Hoja hiyo ina uzito, lakini ni vyema ikumbukwe kuwa upakaji rangi ulikwenda sambamba na kazi nyingine. Vibanda na majengo yaliyojengwa kinyume cha sheria kandokando ya Mto Lana yaliondolewa na eneo hilo likarejeshwa kuwa la wazi. Rangi ilikuwa ishara ya kwanza kwamba Serikali ya mji ipo. Kazi iliyofuata ndiyo iliyoipa ishara hiyo maana.

Tanzania haianzi safari hii mikono mitupu. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa kusini mwa nchi, alianza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960 kwa kutumia rangi za mafuta zenye kung'aa na vipande vya hadibodi, vitu vilivyopatikana madukani kwa bei nafuu. Alifariki dunia mwaka 1972, lakini mtindo unaobeba jina lake umekuwa ajira ya vizazi vya wachoraji na miongoni mwa alama za nchi zinazotambulika zaidi na wageni. Kabla yake, Elimo Njau wa Kilimanjaro alichora, katika miaka ya 1950, michoro ya maisha ya Yesu kwenye kuta za kanisa la kumbukumbu huko Murang'a nchini Kenya, akiiweka simulizi hiyo katika mandhari na sura za watu wa eneo lile. Ustadi wa kuchora upo. Kilichosalia ni kuuwekea utaratibu unaomlinda msanii, mwenye jengo na umma.

Sehemu ya utaratibu huo tayari ipo katika sheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inamtambua mchoraji kuwa mtunzi wa kazi yake. Inampa haki ya kutajwa jina lake na haki ya kupinga kazi hiyo isipotoshwe au kuharibiwa kwa namna inayomvunjia heshima. Kwa mchoro wa ukutani, haki hizi hukutana moja kwa moja na haki za mwenye jengo, ambaye kesho anaweza kutaka kufungua dirisha jipya, kuongeza ghorofa au kuuza nyumba yake. Mgongano huo hauwezi kumalizwa kwa kupeana mikono. Mkataba wa kurasa chache, uliotiwa saini kabla ya ndoo ya kwanza ya rangi kufunguliwa, unapaswa kueleza mchoro utakaa kwa muda gani, nani ana haki ya kuuzalisha kwenye fulana au kalenda, msanii ataarifiwa vipi kabla ya ukuta kubomolewa, na fedha za matengenezo zitatoka wapi.

Malipo nayo yanahitaji uwazi. Msanii kijana mara nyingi huambiwa kwamba malipo yake ni kujulikana, ilhali muuza rangi, mwenye ngazi na mwenye gari la kubeba vifaa wote hulipwa fedha taslimu. Halmashauri zina nyenzo za kurekebisha hali hiyo. Mikopo itokanayo na asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambapo asilimia 4 ni kwa wanawake, asilimia 4 kwa vijana na asilimia 2 kwa watu wenye ulemavu, inaweza kukiwezesha kikundi cha wachoraji kilichosajiliwa kununua majukwaa ya kupandia na vifaa vya kazi. Aidha, matakwa ya sheria kwamba taasisi za umma zitenge asilimia 30 ya ununuzi wao wa mwaka kwa ajili ya makundi maalumu yanafungua njia ya kikundi hicho kupata zabuni ya kupendezesha soko au kituo cha mabasi. Fundi wa maandishi aliyechora mitaani kwa miaka mingi asiachwe nje ya fursa hiyo kwa kukosa cheti cha chuo.

Upo pia mpaka kati ya sanaa na tangazo. Mfanyabiashara anayejitolea kugharamia rangi anastahili shukrani, lakini mchoro uliojengwa kuizunguka nembo ya bidhaa yake ni tangazo, na matangazo yana vibali na ada zake. Mpaka huo usipowekwa mapema kwa maandishi, mtaa ulioahidiwa sanaa utaishia kuwa bango refu, na halmashauri itakuwa imepoteza mapato pamoja na mandhari.

Masuala ya kitaalamu hayapaswi kupuuzwa. Lipu mpya lazima ikauke kabisa kabla ya kupakwa. Ukuta wenye unyevu unaopanda kutoka ardhini utaisukuma rangi nje hata ikiwa ya gharama kubwa, na katika miji ya pwani chumvi huongeza tatizo hilo. Jua kali huzififisha mapema baadhi ya rangi, hasa nyekundu na njano zisizotengenezwa kwa matumizi ya nje. Mahali pengine jibu sahihi ni kutochora kabisa. Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, una kuta za mawe ya matumbawe na chokaa zinazohitaji kupumua. Kuzifunika kwa rangi ya plastiki huufungia unyevu ndani na kuudhoofisha ukuta. Uzuri wa mji huo ni kuta zenyewe.

Hatimaye, sanaa ipewe kazi inayoiweza. Mchoro unaweza kumfanya mpita njia apunguze mwendo na kutazama dukani, kumpa mgeni alama ya kumwelekeza mwenzake, na kuukumbusha mtaa historia yake. Hauwezi kuzibua mtaro wala kuwasha taa ya barabarani iliyoungua. Mtaa wenye ukuta mzuri juu ya mtaro uliojaa taka utawapa wakazi sababu ya kuiona rangi hiyo kuwa kificho. Bajeti ya mchoro ikipangwa pamoja na ya usafi, mitaro na taa, kila kimoja humwongezea mwenzake thamani.

Mwananchi ana nafasi yake katika jambo hili, na nafasi hiyo ni mkutano wa mtaa. Mradi wa michoro ukiletwa mbele yake, anayo haki ya kuuliza kama ukuta uliochaguliwa upo nje ya hifadhi ya barabara na mipango ya ubomoaji, kama mwenye jengo ameridhia kwa maandishi, msanii amepatikanaje na analipwa kiasi gani, wakazi wataiona rasimu lini, na nani atarudi na brashi baada ya masika ya tatu. Viongozi watakaokuja na majibu ya maswali hayo watakuwa wameutendea haki mtaa kabla hata ukuta haujapakwa rangi.