KITI CHA WAYLON (Sehemu ya 4)

Jamani, kwenye sehemu ya 3 mmenishambulia kweli. Eti waliotoa onyesho la mwisho la Waylon Jennings wamemdhalilisha marehemu, maana anaonekana ameketi kwenye kiti, mgonjwa. Eti wangetuachia yule wa zamani aliyesimama na gitaa lake.

Leo nawajibu.

Onyesho lile lilirekodiwa Januari 2000, ukumbi wa Ryman, Nashville. Sehemu yake ilitoka mwaka huohuo, mwenyewe yuko hai. Desemba 2001 akakatwa wayo wa kushoto. Tarehe 13 Februari 2002 akafariki kwa kisukari, miaka 64. Onyesho zima, pamoja na video, likatoka 2007. Sasa niambie, nani kamdhalilisha? Kiti alikalia mwenyewe, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na akaimba. Yeye hakukionea aibu. Aibu ni yenu.

Na hiyo aibu yenu mimi naijua, naifunga bandeji kila zamu.

Kuna baba nilimpokea usiku, fundi ujenzi. Alificha kidonda cha kidole miezi miwili, anavaa buti anaenda saiti, kwa sababu "mwanaume hachechemei". Mkewe alijua kwa harufu. Tulipovua soksi, kidole kilishakuwa cheusi. Akaniuliza, "Sista, mbona hakikuuma?"

Hakikuuma kwa sababu sukari ikikaa juu muda mrefu inaua mishipa ya fahamu. Mguu unakufa ganzi. Unakanyaga msumari hujui. Damu nayo haifiki vizuri, kidonda hakifungi, wadudu wanaingia mpaka kwenye mfupa. Halafu ndugu wanakuja kutulaumu, "hospitali wanapenda kukata miguu".

Kwa hiyo usinitumie tena ujumbe kwamba video ya mgonjwa ifichwe. Mkificha wagonjwa, wagonjwa nao watajifunza kuficha vidonda. Mimi ningeiweka video ile kwenye televisheni ya kliniki ya kisukari, wazee wetu waone mwanaume mzima ameketi, anapigiwa makofi.

Una kisukari? Leo kabla ya kulala vua soksi. Angalia nyayo, angalia katikati ya vidole. Huoni vizuri, mwite mtoto akuangalizie. Ukikuta lengelenge au mchubuko, kesho asubuhi kituoni, usipake majani.

Sehemu ya 5 nikitoka zamu.