Jina la baba limebaki nje

KUTOKA GATINI
Na Maalim Kombo Faki

Wiki iliyopita nilivuka kutoka bandari ya Wete, Pemba, kwenda kisiwa cha Fundo kumtazama jamaa yangu. Barazani nikamkuta kijana, kompyuta mapajani, anaandikisha wanachama wa jumuiya yao kwenye tovuti: waliopo kisiwani na waliohamia Unguja, Dar es Salaam na Muscat. Mbele yake alikaa bibi mmoja.

"Bibi, jina la kwanza?" Akalitaja. "La ukoo?"

"Mwanangu, mimi nna jina langu, la baba yangu na la babu yangu. Hilo la ukoo la nini?"

Kijana akajaza la babu. La baba halikuwa na pa kukaa. Fomu ikataka na msimbo wa posta, ambao pale barazani hakuna aliyeujua. Akabonyeza sifuri tano, kama alivyowafanyia wote waliotangulia. Shehia haikuulizwa, wala kijiji.

Sina ugomvi na kijana. Ugomvi wangu ni na mazoea ya kuichukulia fomu kama hukumu. Tovuti ile imejengwa kwa WordPress, programu iliyotoka mwaka 2003, na leseni yake inamruhusu yeyote kuisoma, kuibadili na kuigawa. Programu-jalizi nyingi za uanachama zinazopachikwa humo ni hivyo hivyo: mafaili yake ni maandishi matupu, unayafungua na kuyahariri.

Kumbe walishajaribu. Fundi mmoja wa mjini aliwawekea nafasi za majina matatu na shehia, wakafurahi. Lakini alikuwa amechezea faili la asili la programu-jalizi. Lilipokuja toleo jipya, mafaili ya zamani yakafutwa, na kazi yake ikaondoka nayo. Nakala hakuacha.

Njia ya salama ipo. Programu-jalizi iliyoundwa vyema hukuruhusu kunakili faili la fomu na kuliweka kwenye folda ya mandhari yako, yaani mafaili yanayoipa tovuti sura yake, tena mandhari-mtoto, ili nayo isifutwe siku mandhari kuu ikisasishwa. Programu ikilikuta faili lako hulitumia hilo, la asili ikaliacha. Kuna pia sehemu zilizoachwa makusudi ili msimbo wako unase. Wataalamu huziita kwa neno la Kizungu lenye maana ya ndoana. Mvuvi wa Fundo hahitaji maelezo zaidi. Ila nakala ina utunzaji wake: kila toleo jipya likija, lazima ilinganishwe na faili jipya, isije ikabaki na kasoro ambazo wenzako wameshazirekebisha.

Kuibadili programu ili itufae hakukuanza leo. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu msimbo ulikuwa wazi. Hapakuwa na mwenye mali wa kungojewa ridhaa.

Kwa hiyo nasema na viongozi wa jumuiya zetu. Kabla hamjamlipa fundi, mwambieni awaoneshe faili alilolibadili, liko folda gani, na amfundishe kijana mmoja wa hapo hapo kulifungua. Asipofanya hivyo, ujira usubiri. Jina la baba yake yule bibi nalo linasubiri.