Daftari la Wiki: Rubani Anaulizwa Sababu

Ubaoni

Kijana mmoja wa Nkwenda, wilayani Kyerwa, ameitwa kwenye usaili wa urubani msaidizi. Leseni ya biashara anayo, saa zaidi ya 200 za kuruka anazo, na Kiingereza chake kimepimwa kikafika daraja la nne, la chini kabisa linalokubalika kimataifa kwa rubani. Kilichobaki ni kukaa mbele ya marubani waliobobea wamhoji namna ndege inavyofanya kazi. Jumamosi alikuja Kayanga, wilayani Karagwe, kwa mwalimu wake wa zamani wa fizikia, wakafungua darasa tupu, nami nikaomba kuketi nyuma.

Alijibu kila swali aliloandikiwa ubaoni bila kusita. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Mwanangu, majina yote umeyataja. Sababu sijaisikia hata moja."

Wengi wanaojiandaa kwa usaili huu hukusanya mamia ya maswali pamoja na majibu yake, wakayakariri. Wasaili nao wameshayasikia majibu hayo miaka mingi. Uzito wa usaili uko kwenye swali la pili, linalofuata jibu sahihi: kwa nini iwe hivyo? Na kwa swali hilo, aliyekulia Karagwe au Kyerwa hana haja ya kwenda mbali kutafuta mifano.

Maharage na bawa

Viko vijiji vya Karagwe vilivyo mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Kwenye kimo hicho maji huchemka yakiwa na joto la nyuzi 95 hivi, si 100, kwa kuwa hewa inayoyakandamiza imepungua. Ndiyo maana maharage huchelewa kuiva kuliko Tanga. Hewa hiyohiyo iliyopungua ndiyo inayobeba bawa, ndiyo inayovutwa na injini, ndiyo inayokatwa na pangaboi. Ikiwa nyepesi, vyote vitatu hudhoofika kwa pamoja.

Rubani hulipima jambo hili kwa hesabu. Kiwango cha kawaida cha joto ni nyuzi 15 usawa wa bahari, na hushuka karibu nyuzi mbili kwa kila futi 1,000. Kila nyuzi moja ya joto inayozidi kiwango cha mahali huongeza futi kama 120 kwenye kimo ambacho ndege "inakihisi". Uwanja wa Bukoba uko takriban futi 3,750, na kiwango chake ni nyuzi saba na nusu. Mchana wa nyuzi 27, joto limezidi kwa karibu nyuzi 20. Basi ndege iliyoegeshwa pale ufukweni itapaa kama ndege iliyo kwenye futi 6,000.

Wakati wa kutua deni hilo hudaiwa tena. Hewa ikiwa hivyo, chombo cha kasi kikisoma maili 110 za baharini kwa saa, ndege kwa kweli inakwenda karibu 120. Nishati ya mwendo hukua kwa mraba wa kasi, kwa hiyo breki hukabili kazi iliyozidi kwa takriban asilimia 20. Atakayeieleza hivyo, hatua kwa hatua, msaili hatakuwa na haja ya kumwuliza kama ameielewa.

Kushuka kwenda Bukoba

Swali jingine lililoandikwa ubaoni: uko futi 16,000, unakwenda kutua Bukoba, uanze kushuka wapi? Kanuni ya kichwani ni maili tatu za baharini kwa kila futi 1,000 za kushuka, na hiyo ndiyo pembe ya nyuzi tatu inayozoeleka. Mwenye haraka atazidisha 16 kwa tatu, aseme maili 48. Hiyo ingefaa kama uwanja ungekuwa Dar es Salaam, usawa wa bahari. Bukoba iko futi 3,750, kwa hiyo kimo cha kupoteza ni futi 12,250, na jibu ni maili 37 hivi, karibu kilomita 68. Anayeisahau ardhi atajikuta chini mapema, maili 11 kabla ya wakati, akiwa juu ya ziwa.

Nimependa swali hili kwa sababu hesabu yake ni ya darasa la sita. Linapima kama mtu, akiwa na wasiwasi, bado anakumbuka kwamba nchi ina kimo.

Mvua ya alfajiri

Aliyewahi kulala Bukoba anazijua ngurumo za alfajiri. Usiku nchi kavu hupoa upesi, maji ya Ziwa Victoria yakabaki na joto. Upepo hutoka kwenye nchi kavu kila upande kwenda ziwani, hukutana juu ya maji, na hewa iliyojaa unyevu haina pa kwenda ila juu. Mawingu ya radi hujengeka, kisha upepo wa mashariki huyasukuma kuja upande wetu wa magharibi. Ndiyo sababu Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka, na sehemu nyingi za Karagwe, nyuma ya vilima, hupata karibu nusu ya hiyo.

Kyerwa ina somo lake. Usiku wa anga safi, hewa baridi iliyo nzito huteremka kutoka vilimani hadi bonde la mto Kagera, na asubuhi bonde hujaa ukungu huku vilele vikipigwa na jua. Msaili akiuliza ukungu hutokeaje, kijana wa bonde hilo ameuona tangu utotoni. Abaki tu kuutaja unyevu, kupoa kwa ardhi, na upepo usiotosha kuuchanganya.

Kisha aulizwe: unakwenda Bukoba asubuhi, umejiandaaje? Hapo jibu la hali ya hewa hugeuka kuwa jibu la mafuta: ya kufika, ya kwenda uwanja mbadala kama Mwanza, na akiba ya mwisho ya dakika 30 ambayo ndege ya injini za tabo haitakiwi kuigusa katika mpango wake.

Mizani ya uwanjani

Msimu wa senene, abiria wanaotoka Bukoba hubeba ndoo, mifuko na mabunda ya kahawa ya zawadi, na wengine huudhika mzigo unapopimwa au kuambiwa utafuata baadaye. Watu hawa wanastahili kuelezwa. Uzito ukizidi, ndege inahitaji kasi kubwa zaidi ili ipae, na kasi kubwa inataka njia ndefu zaidi. Uzito ukikaa mbali nyuma, pua hutaka kuinuka yenyewe.

Hapo ndipo V1 inapopata maana. Ni kasi ambayo rubani amekwisha kuikokotoa kabla ya kuondoka. Injini ikifa kabla yake, anasimama. Ikifa baada yake, anaendelea kupaa kwa injini iliyobaki, kwa kuwa njia iliyosalia haitoshi tena kusimama. Njia ikiwa imelowa mvua, V1 hushushwa: matairi hayashiki vizuri, kwa hiyo uamuzi wa kusimama lazima ufanywe mapema, ingali ipo nafasi.

Novemba 6, 2022

Hakuna mtu wa mkoa wa Kagera anayeweza kuyaandika haya bila kuikumbuka asubuhi ile. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyotoka Dar es Salaam ikiwa na watu 43, iliangukia Ziwa Victoria ilipokuwa ikikaribia uwanja wa Bukoba. Watu 19 walifariki, wakiwemo marubani wote wawili. Watu 24 waliokolewa, na waliotangulia kufika walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, akiwemo kijana Majaliwa Jackson.

Sisi wa Karagwe na Kyerwa tukitaka kusafiri kwa ndege husafiri kwanza zaidi ya kilomita 100 kupita Kyaka hadi uwanja huohuo. Rubani atakayeajiriwa atatubeba sisi, pamoja na mama zetu wanaokwenda hospitali Dar es Salaam na wanafunzi wanaorudi vyuoni. Kwa hiyo sioni kuwa maswali magumu ni uonevu kwa vijana. Ni haki ya abiria ambaye hataingia kwenye chumba cha usaili.

Kusema sijui

Mwalimu alimfundisha jambo moja ambalo shuleni kwetu tunalikwepa: kusema sijui. Alimwuliza swali lililo nje ya uwezo wake, kijana akaanza kubuni. Mwalimu akamzuia. Mtu anayebuni jibu mezani anaweza kubuni jibu angani. Jibu zuri ni kusema: sina hakika, lakini naijua kanuni hii, nayo inanielekeza hivi, na ningethibitisha kwenye kitabu cha ndege pamoja na kapteni wangu. Kwenye ndege wanakaa marubani wawili ili mmoja aweze kusahihishwa, na asiyekubali kusahihishwa anaipunguza faida ya kuwa wawili.

Mfalme aliyeuliza

Mwishoni mwa 1861 msafiri Mwingereza Speke alifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, akaandika kwamba mfalme huyo alimhoji kwa udadisi mwingi. Alitaka kujua kama jua la leo ndilo lile la jana, na kama mwezi hubadilisha sura ili kutucheka wanadamu. Ulikuwa ugeni wa siasa na zawadi, lakini mwenyeji alitafuta sababu za mambo.

Natamani udadisi huo urudi kwenye madarasa yetu ya sekondari, Karagwe na Kyerwa. Kipimajoto, kipimamvua na ubao vinatosha kuanzia. Mwanafunzi apime joto saa saba mchana kwa mwaka mzima, akokotoe hewa ya kijiji chake ina wepesi gani, aandike ukungu wa bondeni ulianza saa ngapi na uliondoka lini. Wachache watakuwa marubani. Wengine watakuwa wakulima wa kahawa, wauguzi, madereva wa malori ya Kyaka, na wote watakuwa wamezoea kutoridhika na jina la kitu mpaka waifikie sababu yake. Kwa kijana wa Nkwenda, ushauri wangu ni mmoja: zile kurasa za majibu aziweke pembeni kwa siku chache, achukue swali moja kila jioni na kumweleza mtu wa nyumbani ambaye hajawahi kupanda ndege, mpaka mtu huyo aweze kumwuliza swali linalofuata.