Ruzuku kwa Kifaransa, Mkopo kwa Litungu

Ndugu zetu wa Nyamongo mlioko huku Kanada,

Ukienda kutazama mchezo wa Théâtre français de Toronto, usiache kusoma orodha ya wafadhili. Utakuta mabaraza ya sanaa: la nchi, la jimbo na la jiji. Kundi hilo lipo tangu 1967, katika jiji la Kiingereza, na haliishi kwa tiketi peke yake. Sheria ya Lugha Rasmi ya 1969, iliyoongezewa meno 1988, inaitaka serikali ya shirikisho iwasaidie walio wachache kwa lugha wastawi. Wenye Kifaransa Ontario ni zaidi ya 600,000. Na sisi Wakurya? Wa Kenya peke yao walizidi 300,000 kwenye sensa ya 2019. Ongeza wetu wa Tarime na Serengeti, ambako sensa haijauliza kabila tangu 1967.

Sasa twende nyumbani Kewanja. Mzee mpiga litungu, kinubi chetu cha nyuzi nane, yuko kwenye kigoda. Anazungusha uzi mmoja mmoja kwenye mti wa juu, anadonoa, anasikiliza, anarudia, mpaka nyuzi zote zipatane. Ndipo anaanza kutaja koo, ng'ombe, na waliokwenda wasirudi. Wanaomsikiliza ni wazee wenzake. Vijana wako maduarani, wanachimba dhahabu.

Serikali yetu ina Mfuko wa Utamaduni na Sanaa, na ni jambo jema. Ila mfuko huo unakopesha. Mwenye studio atakopa na atarejesha. Mzee huyu atarejesha nini, naye hauzi kitu? Kinachomfaa ni ruzuku, kama wanayopewa hawa wa Kifaransa.

Na fedha haiko mbali. Mgodi wa North Mara unazalisha dhahabu tangu 2002. Makao makuu ya Barrick, kampuni inayouendesha, yako hapa hapa Toronto, na serikali ya Tanzania ina hisa asilimia 16 katika mgodi huo. Sheria ya Madini, kwa marekebisho ya 2017, inataka mgodi ukubaliane na halmashauri kila mwaka juu ya mpango wa kuihudumia jamii. Madarasa, maji na zahanati vitangulie, hilo hatubishani. Tunaomba fungu dogo tu: kinasa sauti kizuri, posho ya wazee, na vijana wachache kila kijiji wakae miguuni pao wajifunze.

Mwandikie diwani wa kata yako ya nyumbani kabla mpango ujao haujapitishwa. Na kama una namba ya mzee anayepiga litungu, mpigie leo, umwombe ruhusa arekodiwe.