Golden Retriever: Mnunuzi alipie malezi, siyo manyoya

SOKO la watoto wa mbwa nchini Uingereza lilipata msukosuko mkubwa mwaka 2020, pale watu walipolazimika kukaa majumbani kutokana na ugonjwa wa korona. Familia nyingi zilitaka mbwa kwa wakati mmoja, wafugaji hawakuwa na watoto wa kutosha, na bei za baadhi ya aina zikapanda maradufu na zaidi. Golden Retriever, mbwa mwenye manyoya ya rangi ya dhahabu anayependwa sana na familia zenye watoto, alikuwa miongoni mwa waliotafutwa.

Ndipo walanguzi walipoingia. Watoto wa mbwa walioletwa kwa magari kutoka nchi za Ulaya Mashariki, wengine wakiwa hawajafikisha umri unaoruhusiwa na bila chanjo kamili, waliuzwa kwa bei ileile iliyotozwa na wafugaji makini wa mashambani. Mnunuzi alitoa fedha nyingi, akaamini kwamba wingi wa fedha ndio ubora. Baada ya muda mfupi baadhi yao walikuwa wakilipa tena, safari hii kwa daktari wa mifugo.

Mtoto wa mbwa ni bidhaa ambayo muuzaji anaijua na mnunuzi haijui. Akiwa na umri wa wiki nane, aliyelelewa vizuri na aliyelelewa ovyo wanafanana. Wote wana manyoya laini na wote hutingisha mkia. Tofauti hujitokeza baada ya mwaka mmoja au miwili, mmoja anapoanza kuchechemea au kuwabwekea watoto wa jirani kwa hofu. Aliyewahi kununua vifaranga wa siku moja, au gari lililotumika, anaijua hali hii.

Mchumi wa Marekani George Akerlof aliieleza mwaka 1970 kwa mfano wa magari yaliyotumika. Mnunuzi asipoweza kutofautisha gari zima na bovu, hutoa bei ya katikati. Bei hiyo humkatisha tamaa mwenye gari zima na kumfurahisha mwenye bovu, na hatimaye magari mabovu ndiyo yanayobaki sokoni. Akerlof alipata Tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kazi iliyoanzia hapo. Ushauri unaotokana na hoja hiyo ni kwamba mnunuzi wa Golden Retriever asiishie kuuliza bei. Aulize bei hiyo imelipia nini.

Mtaji unaokaa muda mrefu

Hesabu ya mfugaji makini huanza mapema. Ananunua jike akiwa na wiki nane, kisha anasubiri. Golden Retriever ni miongoni mwa mbwa wanaosumbuliwa na kasoro ya nyonga, ambapo mfupa wa paja haukai sawasawa katika tundu lake. Tangu mwaka 1965, chama cha madaktari wa mifugo cha Uingereza na Kennel Club wamekuwa na mpango wa kupima kasoro hiyo kwa picha za eksirei. Mbwa hakubaliwi kupimwa kabla ya kutimiza mwaka mmoja. Kila nyonga hupewa alama kati ya 0 na 53, hivyo jumla haizidi 106, na alama ndogo ndiyo bora. Viwiko navyo hupimwa na kupewa daraja kati ya 0 na 3. Kisha kuna uchunguzi wa macho, pamoja na vipimo vya vinasaba vya aina kadhaa za upofu. Dume naye sharti awe amepita njia hiyo hiyo, na mwenye dume hutoza ada yake.

Wafugaji wengi makini hawampandishi jike kabla hajafikia takriban miaka miwili. Mimba huchukua siku 63, na watoto hawauzwi kabla ya wiki nane, yaani siku 56. Jumla ni siku 119, karibu miezi minne. Hivyo basi, tangu jike anunuliwe hadi senti ya kwanza iingie, hupita zaidi ya miaka miwili ya chakula, chanjo na vipimo bila mapato yoyote.

Aidha, kanuni za England zinamzuia mfugaji mwenye leseni kumzalisha jike zaidi ya mara moja katika miezi 12, na zaidi ya mara sita katika maisha yake. Uzao wa kawaida ni wa watoto wanane hivi, lakini unaweza kuwa wa watatu, au jike akalazimika kupasuliwa usiku na bili ya daktari ikala sehemu kubwa ya mauzo. Mwekezaji mdogo anayetaka fedha yake izunguke mara nne kwa mwaka atafute bidhaa nyingine. Anayedai kupata faida ya haraka katika biashara hii ameruka gharama fulani, na gharama hiyo italipwa na mtu mwingine.

Wiki nane za kazi

Gharama inayorukwa kwa urahisi zaidi ni ile isiyo na risiti, yaani muda. Mtoto wa mbwa huzaliwa haoni, hasikii na hawezi kuhifadhi joto la mwili wake. Mfugaji humweka katika sanduku la kuzalia ndani ya chumba chenye joto, na kumpima uzito kila siku kwa mizani ya jikoni. Uzito huandikwa kwenye daftari. Mtoto mwenye afya huongezeka maradufu ndani ya siku saba hadi kumi, na yule ambaye haongezeki hutoa dalili ya kwanza ya hatari kabla ugonjwa haujaonekana kwa macho. Kati ya siku ya 10 na ya 14 macho hufumbuka. Dawa za minyoo huanza katika wiki ya pili. Kuanzia wiki ya nne watoto hulishwa mara nne kwa siku, na mpaka siku ya kuuzwa hiyo ni milo 112, kila mmoja ukifuatiwa na usafi.

Hata hivyo, kazi kubwa zaidi ni kumzoesha mtoto huyo dunia. Wataalamu John Paul Scott na John Fuller, waliofanya utafiti wa miaka mingi huko Bar Harbor, jimbo la Maine nchini Marekani, walichapisha matokeo yao mwaka 1965. Walionyesha kwamba kuna kipindi, kuanzia takriban wiki ya tatu hadi ya 12, ambacho mtoto wa mbwa hujifunza nani ni rafiki na kipi si cha kuogopwa. Aliyekosa kukaa na binadamu katika kipindi hicho huwa vigumu kumrekebisha baadaye. Kati ya wiki hizo tisa, tano za mwanzo zimo mikononi mwa mfugaji. Mnunuzi hawezi kuzinunua upya.

Hapa ndipo tangazo la "kulelewa mashambani" linapohitaji kuangaliwa kwa makini. Shamba lina hewa safi na nafasi ya kukimbia, lakini pia ni mahali pakimya. Mtoto anayekulia katika banda la nyuma ya nyumba anaweza kuwa na afya njema na bado asijue mlio wa kengele ya mlango, ngurumo ya mashine ya kufulia, wala kelele za mtoto wa miaka mitatu. Siku anapofika mjini kila kitu humtisha. Mfugaji anayeijua kazi yake huwaleta watoto hao jikoni, huwatembeza juu ya vigae, zulia, nyasi na changarawe, huwapeleka safari fupi za gari, na huwaalika wageni wa kila namna: wazee wenye fimbo, wanaume wenye kofia, watoto wa shule.

Kila mgeni huongeza hatari, kwani virusi vya parvo, vilivyojulikana duniani mwishoni mwa miaka ya 1970, huweza kukaa katika udongo kwa miezi mingi na kuingia ndani kwa soli ya kiatu. Kwa hiyo wageni huvua viatu na kunawa mikono. Kupima hatari hiyo dhidi ya faida yake ni uamuzi wa kila siku, na mwenye banda la majike thelathini na kibarua mmoja hawezi kuufanya.

Kwamba malezi hayo si pambo inathibitishwa na shirika la Guide Dogs, linalotoa mbwa wa kuwaongoza vipofu nchini Uingereza. Shirika hilo halifugi kwa ajili ya kuuza rejareja, lakini mwaka 2011 lilifungua kituo chake cha kuzalishia katika mkoa wa Warwickshire, na Golden Retriever na machotara wake wamo miongoni mwa mbwa wanaotumiwa. Watoto huanza kuzoeshwa mapema na kisha kupelekwa kwa familia za kujitolea. Sababu ni ya kibiashara kabisa: mbwa anayeogopa basi hawezi kumvusha mtu barabara, na fedha zote zilizotumika kumfundisha zitakuwa zimepotea.

Sheria peke yake haitoshi

Serikali haikukaa kimya. Tangu Oktoba 2018, mfugaji wa England anayepata uzao mara tatu au zaidi katika miezi 12 hana budi kuwa na leseni ya halmashauri. Leseni hutolewa kwa mwaka mmoja hadi mitatu, ikiwa na nyota moja hadi tano kulingana na viwango vya mfugaji. Aprili 6, 2020 ikaanza kutumika Sheria ya Lucy, iliyopewa jina la mbwa jike aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka shamba moja la Wales alikokuwa akizalishwa mfululizo. Sheria hiyo iliwaondoa madalali na maduka: mtoto wa mbwa mwenye umri chini ya miezi sita huuzwa na mfugaji mwenyewe, na mnunuzi anapaswa kumwona akiwa na mama yake mahali alipozaliwa.

Ni hatua nzuri, lakini soko lina ujanja. Wadanganyifu wamekodi nyumba za heshima na kuweka jike yeyote sebuleni aitwe mama. Mkaguzi wa halmashauri hawezi kuwa katika kila sebule. Aidha, leseni inathibitisha kiwango cha chini tu. Haimwambii mnunuzi kama watoto hao walishikwa na kuchezewa kila siku.

Wapo wanaolalamika kwamba vipimo na malezi ya namna hii vinapandisha bei hadi familia ya kipato cha kawaida isimudu. Hoja hiyo ina uzito. Lakini gharama iliyoondolewa kwa muuzaji haipotei, huhamia kwa mnunuzi. Upasuaji wa kubadilisha nyonga ya mbwa unaweza kuzidi bei aliyonunuliwa. Na mbwa aliyekuwa mwoga hadi akawa mkali mara nyingi huishia kutolewa nyumbani, hasara ambayo yeye hakuhusika kuisababisha.

Dhamana inayomgharimu muuzaji

Kwa upande mwingine, hakuna mfugaji anayeweza kuahidi mbwa asiyeugua. Golden Retriever husumbuliwa sana na saratani, na nchini Marekani taasisi ya Morris Animal Foundation imekuwa ikifuatilia maisha ya mbwa zaidi ya 3,000 wa aina hii tangu mwaka 2012 ili kutafuta chanzo. Muuzaji anayesema mbwa wake hawapati maradhi amejitangaza mwenyewe kuwa si mkweli. Anachoweza kudhamini ni kazi aliyoifanya.

Kanuni ya kufuata ni nyepesi. Ahadi isiyomgharimu muuzaji haina thamani sokoni, kwa sababu hata mlanguzi anaweza kuitoa. Zenye thamani ni zile ambazo mlanguzi hawezi kuziiga. Ya kwanza ni vyeti vya nyonga, viwiko na macho vya wazazi wote wawili, ambavyo mnunuzi anaweza kuvihakiki kwa jina la mbwa lililosajiliwa. Ya pili ni daftari la uzito na matibabu la uzao huo. Ya tatu ni chipu chini ya ngozi yenye jina la mfugaji. Ya nne, na pengine kubwa kuliko zote, ni mkataba wa kumpokea mbwa wakati wowote wa maisha yake iwapo mnunuzi atashindwa kumtunza. Anayehama nyumba na kubadili namba ya simu kila baada ya miezi michache hawezi kuutekeleza mkataba huo.

Wafugaji makini waache kulalamikia ushindani na waweke karatasi hizo mezani kabla ya kupokea arubuni. Wakifanya hivyo wote, anayeshindwa kuzitoa atajulikana. Wanunuzi nao wakubali kuandikwa kwenye orodha na kusubiri miezi kadhaa, kwani haraka yao ndiyo mtaji wa mlanguzi.

Historia ya mbwa huyu inalo funzo la mwisho. Mwaka 1868, katika shamba la Guisachan kwenye nyanda za juu za Scotland, tajiri Dudley Marjoribanks alimpandisha dume wake wa rangi ya manjano aliyeitwa Nous kwa jike aliyeitwa Belle, na kuuandika uzao huo katika daftari lake. Kwa miaka mingi baadaye wapenzi wa mbwa huyu walipendelea hadithi nyingine, kwamba alitokana na kundi la mbwa wa sarakasi kutoka Urusi. Hadithi hiyo ilikuwa tamu na ilisaidia kuuza. Mwaka 1952 yaliyomo katika daftari la Guisachan yalichapishwa, na ubishi ukaisha. Anayekwenda mashambani leo kuchukua mtoto wa mbwa wa aina hii, kabla hajambeba, aombe kwanza kuonyeshwa daftari.