Intaneti ikizimwa kwa jirani, ujumbe hupita wapi?

MNAMO Januari 13, 2026, siku mbili kabla ya uchaguzi mkuu wa Uganda, Tume ya Mawasiliano ya nchi hiyo (UCC) iliagiza kampuni za simu zizime intaneti ya umma. Agizo hilo lilisimamisha pia usajili wa laini mpya, na matumizi ya data kwa laini za Uganda zinapokuwa nchi jirani. Kwa mfanyabiashara wa Busia au Malaba, hilo ndilo lililouma zaidi.

Hii haikuwa mara ya kwanza. Februari 18, 2016, siku ya kupiga kura, Uganda ilizima mitandao ya kijamii pamoja na huduma za kutuma pesa kwa simu. Mwaka 2021 intaneti ilizimwa kwa takriban siku tano. Upande wa kusini, Tanzania ilizima yake Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi, na kuirejesha mapema Novemba.

Ndiyo maana kabla ya kura ya Januari Waganda wengi walipakua Bitchat, programu iliyozinduliwa Julai 2025 na Jack Dorsey, mmoja wa waanzilishi wa Twitter. Swali kwa wasomaji wetu wanaovuka mpaka kila wiki, na kwa wanaorejea nyumbani na mizigo yao, ni hili: je, programu ya aina hiyo inaweza kutegemewa?

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi. Katika simu ya kawaida, ujumbe hupanda kwenye mnara, hupitia mitambo ya kampuni, kisha hushuka kwa mpokeaji. Mitambo ikizimwa, kila kitu kimekwama. Bitchat haina mnara. Simu yako huutoa ujumbe kwa bluetooth, simu iliyo karibu huupokea na kuupitisha kwa nyingine, hadi mara saba. Kila simu hukumbuka ujumbe ilioupitisha ili usizunguke bila mwisho. Mwenye simu moja akiondoka, ujumbe hupitia kwa wengine waliopo.

Ipo mitandao ya jirani kwa jirani iliyo imara zaidi. Kule Mankosi, katika jimbo la Eastern Cape nchini Afrika Kusini, wanakijiji walianza mwaka 2012 kufunga vituo vidogo vya redio kwenye maboma yao, vikitumia umeme wa jua. Mradi huo ulizaa ushirika wa Zenzeleni. Hapo hakuna kituo kinachoijua njia nzima. Kila kimoja hutangaza mara kwa mara kuwa kipo, na majirani hupokezana tangazo hilo. Kinachokumbukwa ni jambo moja tu: kwa kituo fulani, matangazo hufika vizuri zaidi kupitia jirani yupi. Jirani huyo akinyamaza, data huelekezwa kwa anayefuata kwa ubora. Ni kama msafiri anayeuliza njia sokoni: haambiwi safari yote, bali huonyeshwa soko linalofuata.

Hata hivyo, uwezo huo wa kujitibu una mipaka. Bluetooth ya simu hufika makumi machache ya mita. Ukipokezana mara saba, umevuka soko au foleni ya malori, hujavuka wilaya. Kutoka Busia hadi Kampala ni karibu kilomita 200, na barabarani usiku hakuna simu za kutosha kupokezana. Mtandao huu huishi palipo na watu wengi, na hufa wanapotawanyika au betri zinapokwisha.

Kwa hivyo faida yake iko mpakani penyewe. Busia ya Kenya na Busia ya Uganda zimegusana. Ujumbe unaweza kupokezwa hadi kwa mtu aliye upande wenye intaneti, naye akaufikisha mbele kwa njia ya kawaida. Bila mtu kama huyo, mazungumzo hubaki humo humo sokoni.

Pesa ni suala tofauti kabisa. Salio lako liko kwenye kompyuta za kampuni, si ndani ya simu. Ujumbe wa kupokezana ukisema umelipwa, huo si malipo. Anayetoa shehena kwa ujumbe kama huo anajitafutia hasara. Aidha, Dorsey mwenyewe alionya baada ya programu kuzinduliwa kwamba usalama wake haukuwa umekaguliwa na wataalamu wa nje.

Kenya itapiga kura Agosti 2027. Wenye biashara za mpakani wasisubiri agizo litoke ndipo watafute njia. Wakubaliane mapema na wenzao bei, mahali pa kukutana na namna ya kulipana, na wabaki na fedha taslimu za siku kadhaa. Programu ipakuliwe wakati intaneti ipo, kwa maana ikishazimwa huwezi kuipata. Lakini itumike kuuliza gari limefika wapi, si kuthibitisha malipo.