Kyela: Meli ikipita kasi, iliyofungwa gatini iko salama?

Meli imetulia gatini, kamba zimekaza, wapakiaji wako kazini. Nyingine inapita jirani bila kugusa kitu. Ghafla ile iliyofungwa inavutwa mbele, kisha nyuma. Kamba ikikatika, aliye karibu anaweza kufa.

Kwa Kyela, hili si jambo la mbali. Ziwa Nyasa lina MV Njombe na MV Ruvuma, kila moja ya tani 1,000 za mizigo, na MV Mbeya II ya abiria 200 na tani 200. Wakati huohuo, mchanga umekuwa ukiisumbua Bandari ya Itungi kwa muda mrefu.

Kina kikipungua, mvuto unazidi, kwa sababu maji yanakosa nafasi ya kutosha kupita chini ya meli.

Hapo ndipo simulesheni inasaidia. Wataalamu wanaingiza kwenye kompyuta ukubwa wa meli, kina, umbali na kasi, kisha wanaona kila kamba itabeba mzigo kiasi gani. Kasi ndiyo yenye uzito mkubwa: ukiipunguza nusu, nguvu ya mvuto inashuka hadi karibu robo.

Kwa hiyo nahodha anaweza kupewa kikomo cha kasi kabla ya ajali, si baada yake. Ila kuna sharti moja: kina kipimwe upya mara kwa mara. Mto ukishamwaga mchanga, kikomo kilichokuwa salama mwaka jana huenda mwaka huu kisimlinde mpakiaji.